Kuni za Nyuma ya Kilindo

Mwezi uliopita nilinunua gunia la mkaa kwa muuzaji wangu wa siku zote, na chini kabisa nikakuta kipande ambacho hakikuiva. Kwa nje kilikuwa cheusi kama vingine, lakini kilikuwa kizito mkononi, na nilipokivunja nikaona ndani bado ni mti, wa rangi ya manjano iliyofifia. Mtu mwangalifu angekitupa, maana mkaa wa namna hiyo hutoa moshi na kuwakera majirani. Mimi nilikitia jikoni makusudi. Moshi ulipopanda niliutambua kabla macho hayajaanza kuwasha. Ulikuwa moshi wa mlama, mti wa vilima vya kwetu. Nilikaa kwenye kigoda nikiunusa mpaka kipande kikaisha chote, na maharage sikuwa nimeyateleka.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye tembe hamhitaji maelezo marefu. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Sepuka, ndefu na fupi kwa kimo, paa lake la udongo juu ya miti, ng'ombe wakilala upande mmoja na sisi upande mwingine. Dirisha lilikuwa tundu la kupitisha mkono. Moshi ulioingia humo haukuwa na haraka ya kutoka. Ulizunguka, ukaipaka miti ya paa weusi unaong'aa, ukatafuta macho ya watu, kisha ukatoka polepole mlangoni. Kwa hiyo katika nyumba kama ile swali la kuni gani iingie ndani halikuwa swali dogo, na aliyelijibu alikuwa bibi, mama yake baba.

Bibi alinianza mapema, nikiwa na umri wa miaka sita hivi. Alinifundisha kwamba mabua ya uwele ni ya kuwashia tu, yanalipuka na kufa kabla maji hayajapata habari. Mgunga una moto mkali wa kusonga ugali, lakini unarusha cheche, basi usiuweke karibu na mahali pa kulala. Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka sawasawa kinafaa kwa kunde, kwa sababu hakina papara. Mnyaa usiulete hata ukikauka miaka mitatu, maana utomvu wake unawaadhibu watu machoni. Mti uliopigwa na radi tuliupita mbali, na hapo hakutoa sababu. Kisha alinionyesha namna ya kuujua mti mkavu. Unagonga vipande viwili pamoja na kusikiliza. Unatazama kama kuna unga wa bungua, yule mdudu atoboaye mti. Mwisho unaweka ncha yake shavuni, na ukisikia ubaridi, maji bado yamo.

"Mkono unadanganyika," alisema. "Mkono umezoea kushika kila kitu. Shavu halijazoea."

Nilipenda kazi ile. Nilikuwa mtoto wa kupanga vitu. Kila jioni nililaza kuni zangu ukutani kwa mafungu, za ugali, za kunde, za kuwashia, na bibi alipita akichomoa ule mmoja niliokosea na kuutupa nje.

Jina langu ni Tatu. Wakati ule sikujiuliza kwa nini mtoto aliye peke yake nyumbani aitwe Tatu. Baba alikuwa Manyoni, akifanya kazi ya kukata kuni za garimoshi kwa Mwingereza, na alirudi mara moja kwa mwaka, akiwa na sukari na mablanketi na mikono migumu kama gome. Nyumbani tulikuwa bibi, mama na mimi.

Kiangazi kimoja mama na bibi walianza kwenda porini bila mimi. Walirudi na vigogo vya mlama, vinene kama mkono wa mtu mzima, vyote vya urefu mmoja, kutoka ardhini mpaka kifuani pangu. Bibi aliviambua maganda yote kwa shoka dogo, akaviacha juani siku nyingi, akivigeuza kama mtu anayeanika nyama. Kisha akaviingiza ndani na kuvipanga nyuma ya kilindo, lile pipa kubwa la gome tulilohifadhia uwele. Nilivihesabu. Vilikuwa kumi na saba, safu tatu.

"Bibi, hizi ni za kupikia nini?"

"Hizo haziulizwi," alisema, akaendelea kufagia maganda.

Nilimtazama mama. Aligeuza uso.

Sasa nataka nieleze jinsi nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri kwa utaratibu, na kosa langu halikutokana na upumbavu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekufa mzee mmoja jirani. Watu walikaa matanga nje ya nyumba yake, na moto uliwashwa mbele ya mlango na kuachwa uwake mchana na usiku bila kuzimika. Nilikwenda na bibi na nikautazama moto ule, kwa sababu tayari nilikuwa mtu wa kutazama moto. Ulikuwa wa vigogo vya mlama. Vilikuwa vimeambuliwa maganda. Vilikuwa vya urefu mmoja. Sikuwahi kuona kuni za namna ile mahali pengine popote.

Halafu mama. Mama alikuwa ameacha kuchota maji. Asubuhi alikaa kwenye baraza ameegemea ukuta, miguu imevimba, akibandua udongo mkavu ukutani kwa kucha na kuula. Chakula alikigusa na kukisogeza. Bibi alimwingiza chumba cha ndani na kumfunika na kumpapasa, na nilipochungulia nilifukuzwa. Alijitanda kaniki mbili wakati wa joto. Na wanawake waliopita kutusalimu walimwangalia kwanza mama, kisha wakaangaliana, kisha wakaanza kuzungumzia mvua.

Niliweka haya yote pamoja na nikapata jibu. Mama alikuwa anakufa, na kuni za matanga yake zilikwisha kuandaliwa.

Sikumwambia mtu. Bibi alikuwa amesema haziulizwi. Nililia mara moja, zizini, kati ya ndama wawili, kisha nikaanza kufikiri lifanyike nini. Hoja yangu ilikuwa hii: ikiwa kuni zinaandaliwa kwanza ndipo mtu anakufa, basi kuni zikipungua itabidi asubiri. Wakikata nyingine, nitazipunguza nazo. Niliweza kuendelea hivyo muda mrefu. Nilikuwa na nguvu.

Mvua zikawa zimeanza, uwele ukawa wa kupalilia. Kila asubuhi bibi alikwenda shambani, na mama alisinzia barazani. Nilichomoa kigogo kimoja kutoka safu ya nyuma kabisa, ili safu ya mbele ibaki kama ilivyokuwa, nikakiburuta kupitia upande wa ng'ombe. Kukitupa porini nilishindwa. Nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Mlama mkavu uliokwisha kuambuliwa, mtu hautupi kwenye mvua. Ilibidi uende mahali utakapotumika ukaisha kabisa.

Jirani yetu wa karibu, Mama Mkumbo, alikuwa anapika pombe ya kuwapa watu watakaokuja kumpalilia. Pombe inataka moto wa siku nzima. Tatizo ni kwamba yeye na bibi walikuwa hawasemezani tangu mwaka uliotangulia kwa ajili ya mbuzi aliyekula kunde za bibi, kunde ambazo Mama Mkumbo alisisitiza hazikuwa kunde bali magugu.

"Shikamoo, Mama Mkumbo. Kuni hii."

"Marahaba." Alikitazama kigogo, akanitazama mimi, akakigonga kwa kijiko cha mti. "Mlama. Na umeambuliwa. Bibi yako ameanza kunipenda lini?"

Nilitazama chini, jambo ambalo kwa mtoto wa kike kwetu ni adabu, kwa hiyo lilinisaidia.

"Sawa. Mtu akijishusha, na wewe jishushe. Mpelekee hii." Akanipa kibuyu cha togwa.

Togwa ile niliinywa njiani, nyuma ya ua wa minyaa, kwa sababu ingeleta maswali. Kesho yake nilipeleka kigogo cha pili nikapewa togwa ya pili, nayo nikainywa. Niliendelea siku kumi na moja. Begani nilipata mchubuko uliokuwa haupati nafasi ya kupona, na tumbo langu lilikuwa limejaa wakati wote. Bibi alishangaa kwamba nimeanza kunenepa katika miezi ambayo watoto wengine hukonda. Na mama hakufa. Kila asubuhi nilipoamka nilimsikiliza akipumua, nikaona kwamba hesabu yangu ni sahihi.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya mvua kubwa. Niliamka nikamkuta mama amesimama chumba cha ndani ameshika nguzo kwa mikono miwili, paji la uso limegusa mti. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bibi alikuwa anatembea upesi kuliko kawaida.

"Tatu. Kimbia ukamwite Mama Mkumbo."

"Lakini bibi, ninyi hamsemezani."

"Mwambie kama ana kinyongo akiache mlangoni pake. Nenda."

Nilikimbia kwenye matope nikilia wazi sasa. Vigogo sita vilikuwa vimebaki. Nilijilaumu kwamba niliacha safu ya mbele kwa hila yangu ya kuficha, na kwamba sita vimetosha.

Mama Mkumbo alikuja na ngozi ya ng'ombe kichwani, akaingia akitabasamu kama mtu anayeingia kwa dada yake. Bibi alimtazama kwa mashaka kidogo, lakini kulikuwa na kazi. Nje kulikuwa na maji matupu. Ndani kulikuwa na baridi ya udongo ulioloa, na paa lilikuwa linadondosha upande wa ng'ombe. Bibi alikwenda nyuma ya kilindo kuchukua kuni. Nilimsikia akiinua kimoja, cha pili. Kisha nikasikia mkono wake ukipapasa ukutani.

Alitoka ameshika mikono mitupu mbele yake.

"Mchwa hawali mlama," alisema polepole. "Tena mchwa hawaanzii nyuma. Kuni zangu zimekwenda wapi?"

"Kuni zipi, mama?" Mama Mkumbo aliuliza.

"Vigogo vya huyu. Vilikuwa kumi na saba."

"Unanitania. Si ulivituma kwangu mwenyewe? Kumi na moja. Mimi nikasema, mwanamke huyu ana roho kubwa, ana mkwe katika hali hii na bado ananikumbuka. Na togwa nikakuletea kila siku."

"Togwa gani?"

Wote wawili walinigeukia. Nadhani tumbo langu lilinishuhudia kabla sijafungua mdomo.

"Tatu," bibi alisema. Hakupandisha sauti. "Kwa nini?"

"Nilitaka zisitoshe."

"Zisitoshe nini?"

"Matanga ya mama."

Mvua ilikuwa inapiga juu ya udongo wa paa kwa sauti nzito. Halafu kutoka nyuma ya kizuizi cha fito, pale alipokuwa ameshika nguzo, nilimsikia mama akicheka. Alicheka kicheko kifupi, kikakatika kwa maumivu, akavuta pumzi, kikaanza tena.

"Mwambieni," alisema. "Jamani, mwambieni mtoto."

Bibi alichuchumaa mbele yangu. Naamini kuniambia kulimgharimu. Watoto wawili wa mama walikuwa wamezaliwa kabla yangu, katika nyumba ile ile, na hawakuona mwezi wao wa pili, na baada ya hapo bibi alikuwa ameamua kwamba katika nyumba yake hakuna atakayetajwa kabla hajafika. Hilo nilielezwa nilipokuwa mkubwa. Siku ile alisema tu, "Mama yako anazaa. Kuni ni za moto wa mzazi. Mtoto mchanga akizaliwa kwenye mvua anataka joto lisilokatika, na hataki moshi. Mlama unafanya hivyo. Ndiyo maana na wafiwa wanautumia. Moto wao nao haupaswi kuzimika. Ni hilo tu."

Nilielewa kila neno, na mara moja nikaelewa jambo ambalo bibi hakulisema, kwamba kumbe ni mimi niliyemnyang'anya mtoto joto lake. Hofu iliyokuwa ya mama ikahamia kwake, huyo ambaye sikuwa nimemwona. Nje hapakuwa na kuni kavu hata ya kuchokoa meno. Vigogo sita vingewaka siku mbili, pengine tatu. Moto wa mzazi kwetu ulikaa mpaka kitovu kianguke.

"Kinyesi kikavu kipo," nilisema. "Na mgunga upo, fungu zima."

"Kinyesi kina moshi," bibi alisema. "Mgunga una cheche. Unataka nimpokee kwa cheche?"

Mama Mkumbo aligeuka kutazama upande wa kwake. "Pombe nimeichuja jana," alisema. "Sikuunguza vyote mpaka mwisho. Wewe unajua napika kwa kusukuma kigogo taratibu, sipiki kama wapika pombe wengine wanaochoma pori zima. Vishina vipo majivuni. Saba, labda nane."

"Vishina vya urefu gani?"

"Huu." Alionyesha kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko.

"Nenda naye," bibi aliniambia.

Tulivileta ndani ya chungu kikubwa kilichopasuka mdomo, tumekifunika na ngozi ya ng'ombe, Mama Mkumbo akiwa mbele na mimi nyuma, tukiteleza. Njiani alikuwa ananisema bila kupumzika. "Kumi na moja. Na togwa yangu umekunywa yote. Siku utakayoolewa nitamwambia mumeo afunge chakula na kamba." Lakini kila tulipofika penye dimbwi alisimama kuhakikisha nimevuka.

Bibi alitoa kishina kimoja, nusu mti nusu mkaa. Alikigonga. Akakiweka shavuni, na alipokiondoa shavu lilikuwa na alama nyeusi. Akakitia motoni kwenye chumba cha mama na sote tukatazama. Kiliwaka chekundu kutoka ndani, bila ulimi mkubwa, bila sauti. Nilisubiri moshi. Ulitoka mwembamba, nywele moja, ukaisha.

"Moshi wake umebaki kwako," bibi alimwambia Mama Mkumbo.

"Basi unidai moshi."

"Nikudai moshi, unilipe kunde."

"Magugu," Mama Mkumbo alisema, na wote wawili wakacheka chini kwa chini, wakaniondoa chumbani.

Mdogo wangu alizaliwa mvua ikiwa haijaisha. Niliposikia analia sikumkimbilia yeye. Niliruhusiwa kuingia na nikaenda moja kwa moja kumtazama mama, nikakaa karibu na kichwa chake nikihesabu pumzi zake kama nilivyozoea, mpaka yeye mwenyewe alipofumbua macho na kusema, "Zipo zote. Sasa mtazame na mwenzio." Mtoto alikuwa mdogo, rangi ya udongo wa mfinyanzi, na macho yake yalikuwa makavu. Nilikagua hilo hasa. Hayakuwa na machozi ya moshi.

Bibi hakunipiga. Adhabu yangu, kama ilikuwa adhabu, ni kwamba moto ule ulikuwa wangu. Siku zote mpaka kitovu kilipoanguka nilikaa mlangoni pa chumba cha mzazi, nikisukuma kigogo ndani kwa upana wa kidole kila kilipopungua. Wanawake walikuja kumtazama mtoto, na Mama Mkumbo alikuwa amekwisha kutangaza habari yangu mpaka ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila aliyekuja alileta kuni moja kavu chini ya nguo yake, ananipa mimi, ananiambia, "Chukua, mwenye matanga." Nilizichukua. Nilizigonga, nikaziweka shavuni, na mbili nilizikataa. Bibi aliona, na hakuniambia kwamba mgeni hakataliwi kuni yake.

Mama alinipaka siagi begani kwenye mchubuko. Aliuliza maswali machache tu. Kama vilikuwa vizito. Kama nilianguka. Kisha akaendelea kupaka mahali ambapo hapakuwa na kidonda tena.

Baba alipokuja kutoka Manyoni alisimuliwa, akacheka mpaka akakohoa. Alisema garimoshi la Mwingereza linakula mlama, mgunga na mtundu kwa pamoja, halina shavu. Alimbeba mwanawe akampeleka nje kwenye mwanga na kumwangalia sana, vidole, masikio, nyayo. Mimi nilifikiri anatafuta kasoro. Leo, nikiwa nimezaa na mimi, nadhani alikuwa anahesabu miezi, kama huyu ameupita ule wa pili.

Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu kwamba moshi ni sehemu ya mti ambayo moto umeshindwa kuimaliza, na kwamba kigogo kikavu kilichoungua nusu kimekwisha kupoteza maji na mafuta yake, kwa hiyo huwaka safi. Nilifurahi kuijua sababu. Lakini bibi alikuwa na jibu lile lile shavuni mwake, na alilipata bila kitabu.

Mdogo wangu aliona mwezi wa pili, na wa tatu. Alitembea. Aliachishwa ziwa. Kiangazi kilichofuata baada ya hapo, asubuhi moja, mama alichukua shoka dogo na kamba, na alipofika mlangoni akageuka.

"Twende," aliniambia.

Tulikwenda mpaka kwenye kilima chenye milama. Hakusema tunakwenda kufanya nini. Alinitanguliza, na mimi nikawa nachagua. Nilipata mmoja ulioanguka, umenyooka, unene wa mkono, hauna bungua. Nilifurahi nao sana. Niliugonga, nikainama nikauwekea shavu mahali ulipovunjika, nikasikia ubaridi.

"Huu una maji bado," nilisema. "Lakini ni mzuri. Tuuache hapa, kiangazi kijacho utakuwa tayari."

Mama alikuwa anakunja kamba. Hakuniangalia.

"Kiangazi kijacho tutakuwa tumechelewa," alisema. "Tafuta uliokwisha kukauka."

Nilisimama hapo kidogo. Kisha nikachukua shoka mkononi mwake, kwa sababu lilikuwa zito, nikapanda mbele yake kutafuta mkavu.